Siku Mtu wa Gesi Alipolia

Tarehe 22 Februari 2011 nilikuwa zamuni katika chumba cha kufulia cha hoteli moja mjini Buffalo, Marekani, nakunja mashuka. Mwaka ulikuwa haujaisha tangu tutoke kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na Kiingereza changu kilikuwa bado kichanga. Mzee niliyefanya naye kazi, mzaliwa wa mji ule, akazima mashine za kukaushia, akapandisha sauti ya televisheni. Sikuwahi kumwona akizima mashine kazi ikiwa haijaisha.

Aliyekuwa akizungumza ni Terry Pegula, mmiliki mpya wa Buffalo Sabres, timu ya mpira wa magongo ya kwenye barafu. Mzee akanisimulia habari zake polepole, akihesabu kwa vidole. Mwaka 1983 Pegula alikopa dola 7,500 kwa ndugu na marafiki, akaanzisha kampuni ya mafuta na gesi, East Resources. Ikaja kushika maeneo makubwa juu ya Marcellus, mwamba wenye gesi chini ya ardhi, na mbinu ya kuupasua mwamba kwa maji ya shinikizo iliposhika kasi, maeneo yale yakawa mali kubwa. Mwaka 2010 Shell wakainunua kwa dola bilioni 4.7. Nilimuuliza mara mbili kama kweli ni bilioni.

Basi mtu mwenye fedha hizo akatupa jicho ukumbini, akamwona Gilbert Perreault, mchezaji wa kwanza ambaye Sabres walimchagua timu ilipozaliwa mwaka 1970. Akataka kumwambia kwamba yeye ndiye shujaa wake. Sauti ikamkatika, akalia mbele ya kamera.

Nikageuka, nikamkuta mzee naye anafuta macho kwa taulo la hoteli. Timu yake ilikuwa imefika fainali ya Kombe la Stanley, kombe kuu la mchezo huo, mara mbili, 1975 na 1999, ikarudi mikono mitupu zote mbili.

Machozi yale niliyajua. Desemba iliyotangulia, Wakongo tulijazana sebuleni kwa jirani kuangalia TP Mazembe, klabu yetu ya soka, kule Abu Dhabi. Waliwafunga Internacional wa Brazil 2–0, timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya klabu za dunia. Halafu kwenye fainali Inter Milan wa Italia wakatufunga tatu. Nililia mbele ya wanangu, mimi niliyevuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi na macho makavu.

Pegula akasema akitaka fedha atakwenda kuchimba kisima cha gesi. Hapa amefuata kombe. Nilimwamini. Bado naamini alisema kwa moyo wake wote, ingawa kombe lenyewe halikuja miaka ile.

Nikamweleza mzee habari za Mazembe kwa maneno machache niliyokuwa nayo. Akalirudia jina mara tatu hadi likakaa, akaliandika kwa kalamu juu ya katoni la sabuni, akauliza rangi zao. Nyeusi na nyeupe, nikamwambia. Zake zilikuwa buluu na dhahabu. Kisha akawasha mashine.