Mdogo wangu na kipandauso

Tangu saa sita mchana mdogo wangu amelala, mapazia yamefungwa, ndoo iko kando ya kitanda. Alikuwa kwenye cherehani anamalizia gauni la mteja, mara akaniita: "Dada, yale mataa yameanza." Pembeni ya macho huona mstari wa mwanga uliopindapinda kama meno ya msumeno. Unatanuka taratibu mpaka tundu la sindano halioni tena. Baada ya kama nusu saa mwanga unatoweka, na hapo kichwa kinaanza kumgonga upande mmoja, kichefuchefu kinapanda, na hata mlio wa kijiko jikoni unamtesa.

Hicho ni kipandauso. Kisipotibiwa huweza kudumu saa 4 hadi 72, na wanawake kinawapata karibu mara 3 zaidi ya wanaume. Mwenye gauni alipokuja kulichukua akauliza, "Kichwa tu ndiyo kimemlaza mchana kutwa?" Neno hilo limeniuma. Mimi nami huumwa kichwa, kile kinachobana pande zote mbili na kushuka hadi shingoni, hasa jioni baada ya kuinamia kompyuta. Nakunywa maji, nanyoosha shingo, kikizidi nameza parasetamoli, kisha naingia jikoni kupika. Yeye hata kwenda msalani ni shida, maana kila akijongea maumivu yanaongezeka. Kumpima kwa kichwa changu ni kumwonea.

Nilichojifunza kwa kumuuguza ni kwamba dawa yake haitaki kusubiri. Kipandauso kikishashika, tumbo nalo linapunguza kazi, kwa hiyo kidonge cha kuchelewa hukaa tu humo au hutapikwa. Leo amemeza ibuprofeni pamoja na ya kuzuia kutapika mara maumivu yalipoanza. Wasiosaidiwa na hizo, daktari huweza kuwaandikia sumatriptani. Na anayeshikwa mara kwa mara hupewa dawa ya kinga ya kila siku, kama propranololi, ila mwenye pumu asipewe hiyo.

Kinachonitia hofu zaidi ni vile vidonge vya dukani kwa Mangi, vinavyouzwa viwili viwili kama pipi. Jirani yetu huvimeza kila asubuhi, kichwa kikiuma kisiume. Dawa za kawaida za maumivu zikitumika siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, zenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa. Zile zilizochanganywa na kafeini au kodeini, siku 10 kwa mwezi zinatosha kuleta shida hiyo. Tiba ni kuziacha, na siku za mwanzo ni ngumu kweli, ndiyo maana ni vizuri daktari ajue. Nimemweleza jirani, akaguna tu. Nitamrudia.

Kwa ajili hiyo tumetundika daftari karibu na cherehani. Mdogo wangu anaandika tarehe, saa, alichokula, alivyolala, hedhi, na dawa aliyomeza.

Kuna vichwa visivyosubiri daftari. Kikija na homa, tunakwenda kupima malaria. Homa ikiambatana na shingo kukakamaa au mtu kuchanganyikiwa, ni hospitali usiku huohuo, huenda ni homa ya uti wa mgongo. Vivyo hivyo kichwa kinacholipuka ghafla kuliko maumivu yote uliyowahi kuyajua, au kinachokuja na ulimi mzito na mkono kulegea. Na mjamzito aliyepita miezi mitano, kichwa kikimuuma sana na macho kuona ukungu, apimwe presha upesi, kwa kuwa kifafa cha mimba huanza hivyo.

Alhamisi tunakwenda kliniki pamoja. Mdogo wangu anatumia vidonge vya uzazi wa mpango, na mwenye kipandauso cha kuona mataa hashauriwi kutumia vile vyenye homoni ya estrojeni, kwani vinamwongezea hatari ya kiharusi. Pakiti yake nimeshaiweka kwenye mkoba ili daktari aisome mwenyewe.