Kisu chenye pengo

Jumapili, saa tatu usiku

Kisu changu kimeng'oka jino. Ukikiinua dirishani unaona makali yanakwenda sawa, yanakwenda sawa, halafu karibu na ncha pana pengo, kama la mtoto wa darasa la kwanza.

Aliyeling'oa ni mama yangu mzazi. Amekuja kutoka Muheza kukaa nasi wiki tatu, na Jumatano nikiwa kazini alitaka kupika kuku. Kuku alikuwa bado jiwe la barafu. Mama hakumngoja ayeyuke. Alifungua droo, akachagua kisu kikubwa kuliko vyote, akaanza kazi. Nilipofika jioni kuku ameiva, wa nazi, mtamu mno, na kisu kimeoshwa, kimekaushwa, kimelazwa juu ya taulo kama mgonjwa.

"Mwanangu, hili panga lako halina nguvu. Limemeguka kwenye goti la kuku."

Nikasema pole, mama. Nikaenda kukaa chooni kidogo.

Kosa ni langu, sikumwambia. Kisu ni cha Kijapani, gyuto, yaani kisu cha mpishi cha kazi zote, cha milimita 210. Chuma chake wanakiita shirogami, yaani karatasi nyeupe, kwa sababu ya rangi ya karatasi kinayofungiwa kiwandani. Kwa kipimo cha Rockwell ugumu wake ni 61 au 62 hivi, wakati visu vya kawaida vya Kijerumani viko 56 hadi 58. Ugumu huo ndio unaokifanya kitunze makali wiki kwa wiki, na ndio huohuo unaokifanya kimeguke kama kigae pale ambapo cha Mjerumani kingepinda tu. Tena hakina kinga ya kutu. Kata ndimu, kiache mezani uende kunywa chai, na kwa unyevu huu wa Dar utakikuta kina madoa ya rangi ya machungwa. (Bei yake siiandiki. Mume wangu husoma humu.)

Basi leo nikakipeleka kijiweni. Vijiwe vya watu wengine ni benchi, kahawa na siasa. Chetu kina jiwe kweli: kinoo cha maji, katikati ya meza, kwenye baraza ya Mwalimu kule Tabata. Tuko watano. Mwalimu anafundisha hesabu sekondari na anachonga mipini ya mninga, na mara mojamoja ya mpingo akipata kipande. Nesi yuko wodi ya wazazi. Fundi anatengeneza magari Gerezani. Mzee alikuwa mpishi wa meli, mtu wa Tanga, amestaafu. Na mimi mhasibu, ambaye sichongi wala sifui, ninanunua tu na kulia vikivunjika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Mbona uso umeshuka?"

Nikakiweka kisu mezani naye akakiokota. Kwetu kisu hakipokezwi mkono kwa mkono. Akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye makali, polepole, mpaka ukanasa.

"Mama mkwe?"

"Mama mzazi."

"Afadhali. Angekuwa mkwe ungebaki na kinyongo."

Pengo lilikuwa la milimita mbili. Pengo halizibwi. Inabidi ule makali yote, kuanzia kisiginoni hadi nchani, mpaka yashuke yalingane na chini ya pengo. Mzee alianza na jiwe namba 220, lile la kukwaruza, kisu akikisimamisha karibu wima, kitu ambacho kwa mpenda visu ni kama kutazama mtoto akichomwa sindano. Sauti yake ni ya mtu anayefagia uwanja wa mchanga. Pengo lilipokwisha kisu kilikuwa butu kama rula, ndipo akakilaza tena na kuanza kukikondesha upande mmoja, kisha wa pili, kisha jiwe namba 1000. Tope linalojikusanya juu ya jiwe haliondoi, kwani tope ndilo linalokula chuma. Kila baada ya muda anapapasa upande wa juu kutafuta kijiuzi cha chuma kilichojikunja. Kikisikika kuanzia mwanzo hadi mwisho, anageuza.

Ilichukua saa moja na nusu, na kwa muda wote huo watu huongea. Sijui kwa nini huwa hatutazamani. Macho yote yako kwenye jiwe, mdomo unajiendea.

Nesi alitoka zamu ya usiku, kalala saa mbili tu. Mumewe anaendesha lori Muscat, mwaka wa tatu huu, na Jumapili jioni hupigiana simu ya video yeye akimenya embe mbele ya kamera, ganda moja refu lisilokatika, mume anahesabu. Fundi akamuuliza hachoki na vyuma, kazini vyuma, hapa vyuma. "Kazini wembe tunautumia mara moja tunautupa," akasema. "Nimechoka na vitu vya kutupa."

Fundi mwenyewe ana kesi nyumbani. Anafua visu kwa springi za lori: anachoma kwenye mkaa mpaka chuma kiache kushika sumaku, anakichovya kwenye mafuta, kisha anakirudisha motoni kwa upole, nyuzi 200 hivi, mpaka kigeuke rangi ya majani makavu, la sivyo kitavunjika kikianguka tu. Huo moto wa upole alikuwa anautafuta kwenye oveni ya mkewe. Keki ya siku ya kuzaliwa ya binti yao ikanukia gereji. Sasa hivi anaruhusiwa kufika jikoni kwa miadi.

Mzee akatuambia tena habari za Sakai, mji ulio jirani na Osaka, ambako alinunua deba yake, kisu kizito cha samaki, meli ilipotia nanga. Hatumkatizi, ingawa tumeshaisikia. Wareno walipofikisha tumbaku Japani karne ya 16 ndipo wahunzi wa Sakai wakajipatia jina kwa visu vya kukatia tumbaku, na ni Wareno haohao walioanza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593. "Kule walikuza visu, huku walituletea mizinga," husema, na hucheka peke yake. Anapenda pia kwamba huko kisu kimoja hupita mikono mingi: wa kufua ni mwingine, wa kunoa mwingine, wa kutia mpini mwingine.

Leo hakucheka. Alimwagia jiwe maji, akasema bila kuinua kichwa: "Kijana wangu kapiga simu. Anataka nimfundishe kunoa. Kwa simu." Akanoa kidogo. "Nilikuwa baharini alipozaliwa. Nilikuwa baharini alipoanza shule. Alipooa, nilikuwa Durban nangoja meli ipakue."

Hakuna aliyejibu. Mwalimu akainuka akajaza maji kwenye kopo, ingawa lilikuwa bado nusu.

Baadaye Mzee alikijaribu kisu kwenye nyanya bila kuishika. Ikafunguka.

Nimefika nyumbani saa kumi na mbili. Mama alikuwa kwenye kigoda anakata kitunguu kiganjani, bila kibao, juu ya sufuria, kwa kisu chake kidogo alichokuja nacho kwenye pochi. Kimeliwa mpaka kimekuwa kama jani la mchaichai, na hukinoa kwenye kitako cha kikombe. Nilisimama mlangoni nikatazama. Anachanja huku na huku, kisha anakata kuelekea kidole gumba, na vipande vinadondoka vidogo kuliko vyangu vya kwenye kibao. Gyuto haiwezi kazi hiyo. Ungepoteza kidole.

Nikakiweka kisu changu karibu yake. Akakikagua.

"Kimekuwa kifupi."

"Milimita mbili tu, mama."

"Si nilikuambia hakina nguvu?" Akakata tena, kitunguu kikadondoka. "Hao wenzio, mapanga wananoa? Lile la Muheza halikati hata mgomba."