Nyama choma gani, jamani?

Kilichoniamsha saa nane usiku ni chandarua. Feni ilikuwa inakipepea, upindo ukanigusa kidole gumba cha mguu wa kulia, nikapiga ukelele uliomtoa mjukuu wangu chumba cha pili mbio, akidhani mwizi kaingia. Tulipowasha taa, kidole kimevimba, ngozi imevutika inang'aa kama biringanya.

Asubuhi jirani yangu akakitazama, akacheka. "Shoga, hiyo gauti, ugonjwa wa viungo. Punguza nyama choma na bia." Bia! Mimi mwalimu mstaafu wa miaka 67, mtu wa Tanga, tangu nizaliwe sijaionja. Na nyama, kwa pensheni hii, ni Ijumaa na Idi. Dagaa nakula, nakiri, nao wamo kwenye lawama.

Siku nne nikashindia diklofenaki, vidonge vya maumivu vya duka la dawa. Maumivu yalipoa, presha ikapanda hadi 178 kwa 100, ndipo nikajikokota hospitali. Daktari mwenyewe kijana kabisa. "Shikamoo bibi. Naomba nione dawa zako zote." Nikamwaga mfuko mezani. Akachambua, akashika kidonge changu cha presha, haidroklorothiazaidi, kile kinachonipeleka msalani kila mara. "Mchokozi mmoja huyu hapa."

Kumbe kidonge kile kinatoa maji na chumvi, lakini kinazifanya figo zing'ang'anie asidi ya yuriki, taka ya mwilini inayoleta gauti. Akaniuliza pia hedhi ilikoma lini. Nikaona aibu, ila swali lilikuwa na maana: homoni za kike huzisaidia figo kuitoa asidi hiyo, ndiyo maana sisi wanawake gauti hutungoja uzeeni. Ongeza sukari yangu, kitambi, na figo zilizochoka. Asidi ikizidi hugeuka chembe zenye ncha, nazo hupenda kukaa penye ubaridi, kama kidole cha mguu.

Kipimo changu cha asidi hiyo kwenye damu kilisoma 542 (maikromoli kwa lita). Wanataka iwe chini ya 360. Akanihamishia losartani, kidonge kingine cha presha, ambacho chenyewe husaidia kidogo kuitoa (wewe usiache cha kwako bila kuuliza), diklofenaki akaipiga marufuku kwa ajili ya figo. Kidole kilipotulia akanianzishia alopurinoli, dawa ya kushusha asidi hiyo, miligramu 100 kwa siku, akaniasa: miezi ya mwanzo maumivu yanaweza kurudi, usiache dawa. Wiki ya tatu yakarudi, safari hii kifundo cha mguu wa kushoto. Nilikuwa nimeshanyanyua kopo nilitupe, mjukuu akaninyang'anya.

Kipimo cha juzi, baada ya kuongezewa dozi: 351.

Jirani hajakubali. Ijumaa iliyopita kaniletea sahani ya pilau, nyama zote kazitoa. Nikamtuma mjukuu akazifuate.