Land Rover ya Mwaka 1965 na Safari Yake ya Kupata Muziki

Baba alipoacha kuendesha, alinikabidhi Land Rover yake ya Series IIA ya mwaka 1965, ile fupi ya inchi 88, na kitu pekee nilichotamani kukiongeza kilikuwa muziki. Gari hilo halikuwahi kuwa na redio. Safari zetu zote za utotoni kati ya Morogoro na Iringa zilikuwa za mngurumo wa giaboksi na mluzi wa upepo milangoni, na baba, ambaye anapenda muziki wa dansi kuliko chakula, alikuwa akituimbia mwenyewe mpaka sauti inamkauka kabla hatujafika Mikumi. Nilidhani kazi ingekuwa ya Jumamosi moja: ninunue redio, amplifaya ya kukuza sauti na spika nne, nivute waya kutoka kwenye betri, nifunge. Ilichukua miezi minne, na muda mwingi kati ya hiyo tuliutumia kwenye umeme wa gari kabla ya kugusa spika hata moja.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa namna betri ilivyofungwa. Magari mengi ya Uingereza ya wakati ule yaliunganishwa kinyume cha tulivyozoea leo, kwa maana kwamba upande chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye chesisi, na upande hasi ndio uliopeleka umeme kwenye taa na vifaa vingine. Redio na amplifaya za leo zina kasha la chuma lililounganishwa na hasi. Kasha hilo likigusa bodi ya gari lenye ethi chanya, yaani lile ambalo chanya ndiyo iliyofungwa kwenye chesisi, chanya na hasi zimekutana moja kwa moja, na kinachofuata ni fyuzi kukatika au kifaa kuungua. Ilibidi tugeuze gari zima liwe la ethi hasi. Kazi yenyewe si ngumu kama inavyosikika: tuligeuza betri, tukabadilisha vichwa vya nyaya zake kwa sababu nguzo chanya ni nene kuliko nguzo hasi, tukabadilishana nyaya mbili ndogo za koili inayopeleka umeme kwenye plagi, basi. Taa hazijali umeme unaingia upande gani, na mota ya waipa ya gari letu nayo haikujali.

Kisha tukafika kwenye dainamo, kile kifaa kinachozungushwa na injini ili kizalishe umeme wa gari. Dainamo ya Lucas C40 iliyokuja na gari hilo hutoa ampea 22 inapozunguka vizuri, na gari likiwa kwenye sailensa, yaani injini ikizunguka taratibu bila kukanyaga mafuta, haitoi chochote cha maana, ndiyo maana taa nyekundu ya chaji huwaka kila unaposimama kwenye foleni. Fundi wangu, mzee aliyezitengeneza Land Rover tangu ujana wake, alinikalisha kwenye kigoda na kunifanyisha hesabu kabla hajashika spana. “Mwanangu,” aliniambia, “umeme ni kama maji ya mtungi, uliza kwanza mtungi unajaa kiasi gani.” Usiku wa mvua, koili inakula ampea 4 hivi, taa zote kwa pamoja ampea 10, waipa ampea 3. Zinabaki 5. Amplifaya niliyoinunua ina chaneli nne za wati 45, jumla wati 180. Kwa kuwa ni ya aina isiyopoteza sana nguvu kwa joto, huhitaji kama wati 225 ili kutoa hizo 180, nazo kwa volti 13.8 ni ampea 16. Ni kweli kwamba muziki haupigi kwa nguvu zote kila sekunde, ila ndani ya gari lenye kelele kama lile mtu hulazimika kuongeza sauti, na kila ngoma inapopigwa, kilichopungua kwenye dainamo huchotwa kwenye betri. Betri ikishuka, amplifaya hukosa volti, na sauti huanza kukwaruza hata kama spika ni za bei ghali.

Tuliamua kuitoa dainamo na kufunga alteneta, kizalishaji umeme cha kisasa zaidi, ya ampea 65, Lucas A127, iliyotoka kwenye Defender, Land Rover ya miaka ya baadaye. Hapa mpangilio wa kazi ni jambo la lazima: ethi igeuzwe kwanza, alteneta ifuate, kwa kuwa daiodi zilizomo ndani yake, vipande vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu, huungua papo hapo zikikutana na betri iliyofungwa kinyume. Kishikio chake hakikulingana na injini yetu ya lita 2.25, hivyo fundi alikata na kuchomelea kingine, akipima kwa rula iliyonyooka hadi puli zote zikakaa kwenye mstari mmoja, maana mkanda wa feni unaokwenda upande hudumu wiki chache tu. Kile kisanduku cha zamani cha kudhibiti chaji tulikiacha mahali pake kama kituo cha kuunganishia nyaya, ila ndani hakifanyi kazi tena, kwa sababu alteneta ina kidhibiti chake yenyewe. Waya mnene wa chaji ulipelekwa moja kwa moja kwenye betri. Ile balbu ndogo ya taa nyekundu haifai kutupwa, kwa sababu umeme unaopita ndani yake ndio unaoiamsha alteneta unapowasha gari.

Kipimo cha ampea kwenye dashibodi ndicho kilichonisumbua moyo. Katika gari hilo umeme wote wa chaji ulikuwa ukipita ndani yake, nacho kinaishia kwenye 30. Kukipitishia ampea 60 ni kuwasha jiko nyuma ya dashibodi. Tulikitoa kwenye njia ya umeme, tukakiacha kimekaa pale pale kwa heshima yake, na pembeni tukaweka kipimo kidogo cha volti.

Naomba nikae kidogo kwenye nyaya, kwa sababu hapo ndipo nilipoona watu wengi wakiharibu. Amplifaya yangu iko mita 4 kutoka kwenye betri, hivyo umeme unasafiri mita 8, kwenda na kurudi. Kwenye waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, ampea 16 hupoteza karibu volti 0.9 njiani, kwenye waya wa milimita za mraba 16 hupoteza 0.14 tu. Nyaya nene zenye rangi ya kupendeza zinazouzwa kwa bei ya chini madukani mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo hupitisha takriban theluthi mbili ya kile shaba inachopitisha. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, urudishe.

Waya wa kurudi nao ni waya. Bodi ya Land Rover ni aloi ya alumini iliyofungwa kwa boliti kwenye chesisi ya chuma, na mahali metali hizo mbili zinapokutana na unyevu pana ule unga mweupe unaozuia umeme. Nilivuta ethi ya amplifaya hadi kwenye nguzo ya betri yenyewe. Fyuzi ya ampea 30 iko sentimita 20 kutoka kwenye nguzo chanya, ili waya ukichubuka popote mbele ya hapo ukatike umeme badala ya kuwaka moto. Kwenye gari hili tanki la petroli liko chini ya kiti cha dereva, kwa hiyo upande huo sikutoboa tundu wala kupitisha waya wowote. Amplifaya iko ndani ya sanduku la vifaa chini ya kiti cha kushoto.

Siku ya kwanza spika zililia mluzi uliopanda na kushuka pamoja na injini. Nilihamisha nyaya za sauti upande wa pili wa gari, mbali na waya wa umeme, nikaifunga ethi ya redio mahali pamoja na ya amplifaya, na mluzi ukaisha.

Jumapili iliyofuata nilimpitia baba. Alipanda kiti cha kushoto, akaangalia dashibodi kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa nini mshale wa ampea umelala kwenye sifuri wakati gari linatembea. Nilimweleza yote, nikamwonyesha kipimo kipya: volti 13.9, taa kubwa zikiwa zimewashwa na muziki unapiga. Alitikisa kichwa polepole, akanyoosha mkono, akaongeza sauti.