Kichwa cha kroshia cha taulo la jikoni

Kwa miaka mingi taulo la jikoni kwangu halikuwa na mahali pake. Nilipolitundika kwenye mpini wa droo iliyo kando ya sinki lilikuwa likiteleza, na nilipolihamishia kwenye mpini wa friji, kila aliyekwenda kuchukua maji aliliangusha na kuendelea na safari yake. Mara nyingi nililigundua liko sakafuni wakati ule ule ninaolihitaji, mikono yote miwili ikiwa imejaa unga wa chapati. Mwezi uliopita nililifumia kichwa cha kroshia, yaani kipande kinachoanzia kwenye ukingo wa juu wa taulo, kikapungua upana kadiri kinavyopanda, kisha kikawa mkanda unaozunguka mpini na kufungwa kwa kifungo. Tangu siku hiyo taulo halijaanguka. Hicho ninachokisifu ni cha tatu, na vile viwili vilivyotangulia vilinifunza karibu yote ninayoyaandika hapa.

Kroshia katika nyumba nilizokulia ilikuwa kazi ya sebuleni. Tulikuwa na vitambaa vyeupe vya makochi, cha meza na cha juu ya redio, vilivyofumwa kwa uzi mwembamba na kroshia ya chuma, yaani ile sindano yenye ndoano, vikatiwa maji ya wanga na kupigwa pasi mpaka vikakakamaa. Shangazi yangu, ambaye ndiye aliyenifundisha kufuma wakati shuleni tukisoma Sayansi Kimu, alikuwa akivitoa vyote siku ya kufua na kuvirudisha siku ya pili vikiwa vimenyooka, na watoto tukakatazwa kuviegemea. Ninavipenda vitambaa vile hadi leo. Hata hivyo, mtu aliyezoea kuvifuma akianza kichwa cha taulo kwa mazoea yale yale atakosea, kwa sababu kitu hiki hushikwa kwa mikono yenye maji kutwa nzima, hubeba uzito wa taulo lililolowa, hukaa karibu na moto na hufuliwa kila baada ya siku moja au mbili. Uzi, kroshia, ukubwa wa kifungo na hata aina ya mshono vyote huchaguliwa kwa kuangalia matumizi hayo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa uzi. Madukani mwetu uzi mwingi unaoitwa sufu ni wa akriliki, ambayo ni plastiki, na mimi nilinunua huo kwa kuwa ulikuwa na rangi nzuri ya machungwa na bei yake ilikuwa ndogo. Baada ya kufuliwa mara chache mkanda ulikuwa umevutika kwa uzito wa maji na haukurudi tena, taulo likashuka mpaka chini ya mlango wa kabati. Nikafuma cha pili kwa uzi ule ule, safari hii nikakaza mkono, nacho kikaisha siku kilipogusa ubavu wa sufuria iliyotoka motoni: uzi uliyeyuka na kuganda kama nta, na lau ungekuwa umeshikwa na mkono wa mtoto ningekuwa ninaandika habari nyingine. Akriliki haifai karibu na jiko. Pamba haiyeyuki, hunyonya maji, na ina sifa moja inayonifurahisha sana, kwamba unyuzi wake ukilowa huwa imara zaidi kuliko ukiwa mkavu. Tunalima pamba nyingi Simiyu na Shinyanga, lakini uzi wa pamba wa kufumia nilioupata Kariakoo uliandikwa kwamba umetoka Uturuki. Niliununua na kushukuru, ingawa jambo hilo liliniuma kidogo. Donge moja la gramu 50 linatosha kichwa kimoja na kubaki. Kabla ya kuanza, kata kipande kifupi cha uzi ukiloweke katika maji ya moto pamoja na kitambaa cheupe, kwa maana uzi mwekundu au wa buluu iliyokoza unaweza kuchuja rangi na kuliharibu taulo.

Taulo lenyewe lifuliwe kwanza mara mbili, ili kama ni la kurudi lirudi kabla halijaunganishwa na uzi. Langu lilikuwa na upana wa sentimita 40 na urefu wa sentimita 65 hivi, nikalikata katikati nikapata mawili, kisha ule upande uliokatwa nikaukunja mara mbili na kuupiga pindo kwa cherehani, kwa kuwa taulo la vinyweleo likiachwa bila pindo huchanika nyuzi moja moja. Asiye na taulo anaweza kutumia kanga kuukuu iliyokunjwa mara mbili. Kwa kweli mimi naona kanga iliyochakaa ndiyo bora kwa kukaushia vyombo, maana ni nyepesi, hunyonya maji vizuri na hukauka upesi, nalo taulo nene nikaliachia kazi ya kufutia mikono.

Mahali pagumu kuliko pote ni pale uzi unapokutana na kitambaa. Wengine hutoboa pindo kwa msharasi na kupitisha kroshia moja kwa moja katika matundu. Nilijaribu njia hiyo na matundu yakapanuka baada ya kufua, kwa sababu uzito wote wa taulo unaning'inia kwenye matundu hayo. Sasa ninatumia sindano nene ya mkono na uzi ule ule wa pamba, nikapiga mshono wa blanketi kwenye pindo lote, kila mshono ukiwa mbali na mwenzake kwa sentimita 1 na ukiingia ndani ya kitambaa chini kabisa ya pindo. Mshono huo huacha juu ya ukingo vijiti vya uzi vilivyolala, na kroshia hupita chini ya vijiti hivyo bila kukigusa kitambaa. Kwa taulo la sentimita 40 nilipata vijiti 40. Usikaze sana, maana kijiti kilichobana hakitaipokea kroshia ya milimita 4, wala usilegeze mpaka kijiti kikatoa tumbo.

Hapa sina budi kusema neno kuhusu vielelezo vya Kiingereza, ambavyo wengi wetu tunavitegemea. Mshono ule mfupi, ambao unachomeka kroshia, unavuta uzi, kisha unapitisha uzi katika vitanzi viwili kwa mara moja, Wamarekani huuita mshono mmoja, ilhali Waingereza huuita mshono maradufu. Na ule mrefu zaidi, ambao Wamarekani huuita maradufu, Waingereza huuita wa mara tatu. Kwa hiyo maneno yale yale humaanisha mishono miwili tofauti, na fumo linalotoka limelegea au limekakamaa kinyume cha picha pengine halina kosa lolote la mkono. Mimi ninapokipata kielelezo huangalia kwanza kimeandikwa wapi. Katika maelezo yangu ninatumia mshono mfupi peke yake, kwa sababu hubana na hauvutiki kama mrefu.

Basi kwenye mstari wa kwanza nilipiga mshono mfupi mmoja katika kila kijiti, nikapata 40. Kwa kuwa mshono wa uzi huu una upana wa karibu nusu sentimita, mstari huo peke yake huukusanya ukingo wa sentimita 40 mpaka karibu 20, na taulo linaanza kuweka marinda. Mstari wa pili niliunganisha mishono miwili miwili, ikabaki 20. Kuanzia hapo nilipunguza mshono mmoja kila mwanzo na mmoja kila mwisho wa mstari, kwa mistari 6, nikabaki na mishono 8, ambayo ni mkanda wa sentimita 4. Mkanda huo niliufuma ukiwa umenyooka, bila kuongeza wala kupunguza, mpaka ukafika sentimita 16. Urefu huu unategemea unene wa mpini, kwa hiyo uzungushe kwenye mpini wenyewe upime kabla ya kuendelea. Tundu la kifungo ni jepesi: mishono 2, kisha mnyororo wa vitanzi 4 ukiruka mishono 4, kisha mishono 2 ya mwisho, na mstari unaofuata unapiga mishono 4 juu ya mnyororo huo. Malizia kwa mistari miwili mitatu na ufiche ncha za uzi kwa sindano, ukienda na kurudi, kwa kuwa ncha iliyofichwa upande mmoja hutoka ikifuliwa. Kifungo changu kina upana wa sentimita 2.5, kikubwa kidogo kuliko tundu, ili kipite kwa kusukumwa na kisitoke chenyewe. Nilikishona pale mkanda unapoanzia, nikauzungusha uzi chini yake mara kadhaa ili kiwe na shingo, maana mkanda una unene na kifungo kilicholala juu ya fumo hakifungiki vizuri.

Lipo jambo moja ambalo sikulipatia dawa. Pale kwenye marinda, chini kidogo ya fumo, kitambaa hujikusanya na hakikauki haraka kama sehemu ya chini, hasa msimu wa masika. Ndiyo maana inafaa kuwa nayo mawili ya kubadilishana, na kila jioni lililotumika hufunguliwa kifungo na kuanikwa limetandazwa.

Wiki iliyopita shangazi alikuja. Nilimwamkia, "Shikamoo, shangazi," akaitikia, "Marahaba, mwanangu," na kabla hajaketi macho yake yalikuwa yameshafika kwenye mpini wa droo. Alikifungua kifungo, akaligeuza taulo aone nyuma, akauvuta mshono wa blanketi kwa kucha, akanyamaza. Kisha akaingiza kidole kwenye tundu la kifungo. "Hapa patalegea, mwanangu. Zungushia uzi kama tundu la shati." Tulikaa mezani, akaniongoza nikapiga mishono midogo kuzunguka tundu lote kwa uzi mmoja wa pamba, kazi ya nusu saa, na tundu likawa na ukingo mgumu usiovutika. Aliondoka asubuhi na taulo hilo ndani ya mkoba wake, nami tayari nimeshalipiga pindo lile nusu la pili.