Benchi la waandishi

Leo kaunti ilituita ukumbini kutoa maoni kuhusu bajeti. Viti vya plastiki vilijaa hadi mlangoni. Benchi la waandishi, tulilokuwa tukibanana watu sita au saba, lilikuwa na kijana mmoja tu, naye ni wa kitengo cha mawasiliano cha kaunti. Kikao hakijaisha, picha zake zilishaenea WhatsApp: wakubwa wanahutubia, wananchi wanapiga makofi. Mama aliyesimama kuuliza pesa za maji ya zahanati zilikwenda wapi hakuwemo.

Nje akanishika mkono. "Mwanangu, hili utaliandika?" Nikamjibu nitaandika. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba gazeti lilipopunguza waripoti wa mashinani, nami nilikwenda na maji.

Zahanati ile naijua. Niliiandika ikiwa kuta tupu. Baada ya mwezi nikarudi, bado kuta tupu, nikaandika tena. Mara ya tatu niliwakuta mafundi juu wakigongelea mabati. Habari zote tatu zilikuwa fupi, ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la mbolea, na nililipwa kwa kila iliyochapishwa, pesa ambayo nusu yake ilikuwa nauli. Lakini nilirudi. WhatsApp ina haraka kunishinda, ila kesho ina jambo jingine, hairudi kuuliza la jana. Mwakilishi wadi anayejua hakuna atakayerudi hana hata haja ya kusema uongo. Anangoja tu tusahau.

Mwaka 2013 serikali 47 za kaunti zilipoanza, tuliambiwa pesa zitashuka mashinani. Zilishuka kweli. Wa kuzifuatilia ndio wanaokwisha, na hilo linanitia hofu kuliko kazi niliyopoteza. Mwaka 2027 tunapiga kura. Yule mama atawapima kwa lipi, kwa picha za makofi?

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ijibu ndani ya siku 21. Usiku huu nimeandika barua ya kuomba hesabu za maji ya zahanati. Kesho naipeleka mwenyewe, na siondoki dirishani mpaka nakala yangu igongwe muhuri. Siku ya 21 nimeshaizungushia duara kwenye kalenda. Nitarudi.