Kambini, palipokuwa na jumba

Clumber Park, Nottinghamshire, Uingereza. Jumamosi usiku.

Bundi analia tangu saa tatu. Nyumbani tungemfukuza kwa majivu na dua, ila hapa nimelala chali ndani ya hema na kumsikiliza mpaka usingizi umeruka.

Mchana nilizunguka nikitafuta lilipokuwa jumba. Lilikuwa la makabaila, wenye cheo cha Duke of Newcastle. Mwaka 1879 liliungua vibaya, likajengwa upya, na 1938 likabomolewa kabisa. Leo unaona alama za msingi kwenye nyasi kando ya ziwa, na kanisa lao lililokamilika 1889 likisimama peke yake, refu, kama mgeni aliyesahauliwa baada ya harusi. Nilipita juu ya alama zile polepole: huenda hapa palikuwa sebuleni, hapa wapishi walitokwa jasho. Mwaka 1946 watu walichangishana fedha, shamba lote la ekari 3,800 likaingia mikononi mwa National Trust, shirika la hisani linalotunza majumba na ardhi za kale kwa ajili ya watu wote, na ndiyo maana mtu kama mimi anaweza kulala hapa.

Kilichonigusa zaidi ni miti. Waingereza huiita lime, jina lile lile la ndimu, ingawa haizai ndimu. Iko 1,296, imepangwa safu mbili kila upande wa barabara kwa zaidi ya kilomita 3. Mashina yana mikanda myeusi: mwanzoni mwa karne iliyopita yalipakwa dawa kuzuia wadudu wasipande juu, na alama haijafutika mpaka leo. Niliweka kiganja juu ya mkanda mmoja, nikakiacha pale muda mrefu.

Jioni, maharage yakichemka kwenye jiko dogo la gesi, mama alipiga simu kutoka Muheza.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Uko wapi, mbona upepo mwingi?”

“Niko kambini.”

Akanyamaza. Nikajua nimekosea neno. Babu alitoka Kasulu akaja Tanga kukata mkonge, akawa manamba, mtu wa kuitwa kwa namba. Kambi kwa mama ni kule alikozaliwa: chumba kimoja, familia nzima, na juu kilimani nyumba ya meneja yenye bustani ambayo mtoto wa kambini hakuruhusiwa kuikanyaga. Aliwahi kuniambia waliijua harufu ya maua yake kwa upepo tu.

“Kambi gani tena, mwanangu?”

Nikamweleza. Jumba la bwana mkubwa, bustani yake, hema letu juu ya nyasi zake, na watoto wa watu wakiendesha baiskeli mpaka giza linaingia bila kukemewa na mtu.

“Na jumba lenyewe?”

“Lilibomolewa, mama.”

“Na miti wameiacha?”

“Wameiacha yote.”

Nikamsikia akivuta pumzi.

“Basi lala, mwanangu. Ujifunike vizuri.”